Mtu Asigeuke Kitu: Mwongozo wa Kuishi kwa Utu Mtaani

Mtu, kitu, utu. Maneno matatu, shina moja: -tu. Kinachomtenga mtu na kitu ni herufi ya mbele tu. Sasa hesabu majina ya wale ambao mtaa haupendi kuwatazama usoni: kipofu, kiziwi, kiwete, kichaa, kikongwe, kibarua, kibaka. (Kiongozi na kijana nao wamo katika ngeli hiyohiyo, kwa hiyo sidai kwamba nimegundua siri ya sarufi.) Ninachodai ni kidogo zaidi: ubaya mwingi niliouona mtaani ulianza pale mtu alipogeuzwa kitu, na mara nyingi neno lilitangulia fimbo.

Mwongozo huu ni wa kuzuia mgeuko huo. Nimekuwa katibu wa kamati ya misiba ya mtaa wetu, Temeke, Dar es Salaam, kwa miaka kadhaa, na mtu anayekaa na daftari huona mengi. Mengine nimeyakosea mwenyewe, nitayasema. Hutatakiwa kuacha dini yako wala kuingia nyingine. Utatakiwa daftari dogo, muda, na uvumilivu wa kuonekana mjinga mara mbili tatu.

Kwanza, tunajifunza nini hasa

Wazee walisema mtu ni utu. Wanachama wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, waliahidi kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika sura ya haki iliyoongezwa 1984, inasema kwenye ibara ya 12 kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, kisha inataja neno lenyewe: kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Si jambo la kwetu peke yetu. Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 linaanzia hapohapo. Wahumanisti, yaani watu wanaojenga maadili juu ya utu na akili bila kutegemea dini, walikutana kutoka nchi mbalimbali Amsterdam 1952 wakatoa azimio lao, na Kenneth Kaunda aliufanya ubinadamu kuwa falsafa ya taifa la Zambia katika miaka ya 1960.

Ukiyakusanya hayo unapata mambo matatu: usawa wa watu, huruma kwa anayeumia, na kutumia akili kabla ya kuamini. Sisi Waswahili tuna utajiri wa la pili. La kwanza tunalisema kuliko tunavyolitenda. La tatu, kuuliza "umejuaje?", ndilo linalotuangusha, na ndiyo maana nitakaa nalo kuliko waandishi wengi wa mambo ya utu wanavyokaa.

Hatua ya 1: Wiki moja ya kujipeleleza

Usianze kwa kubadilika. Anza kwa kuandika. Kila usiku, kwa siku saba, jibu maswali matatu katika daftari lako. Leo nimempita nani bila salamu? Nimemwita nani kwa jina gani wakati hayupo? Nani amenihudumia leo nami sijui jina lake?

Usijipendelee, daftari ni lako. Mwisho wa wiki utaona mchoro wa tabia yako. Wangu ulinitia aibu: nilijua majina ya vijana wote wa kijiwe cha bodaboda, lakini mtu aliyekuja na mkokoteni kila Jumamosi kubeba taka za nyumba yangu, miaka minne, nilikuwa namwita "mzee wa taka". Na yeye alinijua jina, la watoto wangu pia.

Hatua ya 2: Jina na salamu

Hii ni rahisi na haina gharama, ndiyo maana watu huidharau. Chukua orodha ya wale usiowajua majina, uwaulize. Usijieleze sana. "Samahani mzee, tumejuana siku nyingi, hivi jina lako nani?" inatosha. Wiki inayofuata litumie.

Kisha chunguza shikamoo yako inaenda wapi. Shikamoo ni ya umri, lakini mjini tumeihamishia kwenye cheo. Meneja wa miaka 35 anaamkiwa shikamoo na mtu wa rika lake, halafu mlinzi mwenye umri wa baba yetu anarushiwa "vipi mzee, mambo?" Irudishe kwa wenye umri. Siku za mwanzo mlinzi atakuangalia kama unataka kumkopa, zitapita.

Kuhusu maneno: sema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino. Viziwi wengi wao wenyewe hujiita viziwi na hawaoni neno hilo kuwa tusi, basi waite wanavyojiita. Kanuni ni kumuuliza mwenyewe, kwa sababu adabu ya kubuni bila kumsikiliza mhusika nayo ni namna ya kumfanya kitu.

Maneno yaende na vitendo. Ukitaka kumsaidia mtu asiyeona kuvuka barabara, usimshike mkono kwa ghafla wala usiikamate fimbo yake. Msalimie, jitaje, muulize kama anahitaji msaada, kisha mpe kiwiko chako akishike yeye. Anayeshika ndiye anayeamua, na akitaka kuachia anaachia. Kwa mtoto mwenye ualbino jambo kubwa ni macho na jua: akae mbele darasani, avae kofia pana na mikono mirefu, na apate losheni ya kukinga ngozi (ipo hata inayotengenezwa Moshi). Jirani anayemkumbusha mtoto kofia amefanya kazi kuliko anayetoa hotuba kila Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino.

Hatua ya 3: Anzia ndani ya geti lako

Mtu anaweza kuwa mwema barazani na dhalimu jikoni. Dada wa kazi ndiye kipimo. Kuna nyumba ambazo anaitwa "beki tatu" mbele ya wageni na watu wanacheka.

Fanya hivi. Kaeni chini, mwandike karatasi moja: mshahara ni kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, siku gani ya wiki ni yake, likizo lini, nauli ya kwenda kwao nani analipa, simu yake anaishika nani (anaishika yeye). Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha nje kwa sababu anafanya kazi nyumbani: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Wengi wetu tukihesabu saa za dada, tangu anapowaandaa watoto alfajiri mpaka anapofunga geti usiku, tutaona haya. Basi hesabu, kisha punguza.

Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama mjomba wake kijijini amekubali, hata kama "kwetu anakula vizuri kuliko kwao".

Na chakula: kile mnachokula ndicho anachokula, kwa wakati huohuo. Hili halina ufafanuzi.

Hatua ya 4: Jifunze kuuliza "Umejuaje?"

Hapa ndipo utu unapodai akili, na akili ni ngumu kuliko huruma kwa sababu inakutenga na wenzako kwa dakika chache.

Chukua kesi ya bibi anayetuhumiwa uchawi. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa ushahidi wa macho mekundu. Macho hayo yana maelezo yasiyohitaji mganga: miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na wa samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha, na wakati mwingine ugonjwa wa vikope usiotibiwa. Ukienda Kilifi, pwani ya Kenya, dalili inageuka kuwa mvi, na wanaouawa wengi ni wazee wa kiume. Pale Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Macho mekundu huku, mvi kule. Kama uchawi ungekuwa na alama, usingebadilisha alama kwa kuvuka mpaka. Kinachofanana pande zote mbili ni shamba. Mara nyingi sana mtuhumiwa ana ardhi na kuna mtu anaisubiri.

Basi, habari mbaya juu ya mtu ikikufikia, kabla hujaipeleka mbele, iulize maswali manne. Nani aliona kwa macho yake, si kwa kuambiwa? Nani atafaidika ikiaminiwa? Kuna maelezo mengine ya kawaida? Tukiamini na kumbe tumekosea, nani ataumia, na ataweza kuponywa? Swali la mwisho ndilo zito. Ukichelewa siku mbili kuamini uvumi wa kweli, hasara ni ndogo. Ukiwahi siku mbili kuamini uvumi wa uongo, unaweza kuwa umezika mtu.

Uvumi wa sasa unakuja kwa sauti ya kurekodiwa kwenye kundi la WhatsApp: gari jeusi linateka watoto, tahadhari, tuma kwa makundi kumi. Jibu langu limekuwa lilelile mpaka watu wananitania: "Limeonekana mtaa gani, saa ngapi, na aliyeliona ni nani tumpigie?" Asilimia kubwa ya tahadhari hizo hufia hapo. Inayobaki na jibu, peleka kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Nakushauri jambo moja ambalo wasomi hulikosea. Usibishane na mtaa kama uchawi upo au haupo. Utabishana mpaka usiku na bibi ataumizwa alfajiri. Dai kitu kimoja tu: hapigwi mtu, hafukuzwi mtu, havunjiwi mtu nyumba. Mgonjwa apelekwe hospitali leo, mengine tutazungumza. Hapo hata anayeamini uchawi anaweza kusimama upande wako. Ukiwa Kenya, sheria nayo ni silaha yako, maana sheria ya tangu 1925 inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake uchawi nje ya vyombo vya dola.

Halafu nenda ukakae kwa bibi huyo. Kibarazani, mchana kweupe, mbele ya njia, unywe chai yake. Kesho aende mkeo au mumeo. Keshokutwa mjumbe. Bibi mwenye wageni wanaoonekana ni mgumu kuguswa. Nimeona ikifanya kazi kuliko mkutano wowote wa uelewa.

Hatua ya 5: Siku watu wanapiga kelele "Mwizi!"

Magazeti yetu yana msemo: "wananchi wenye hasira kali". Ni msemo wa hatari, kwa sababu unafanya mauaji yaonekane kama hali ya hewa, hayana mwenyewe. Yana wenyewe. Wana majina, na wengi wanakujua. Hiyo ndiyo nafasi yako.

Nilishuhudia mara moja karibu na kituo cha daladala. Kijana ameshikwa na simu ya dada mmoja, ameshaangushwa, kuna aliyekwisha kuleta tairi. Aliyezuia alikuwa mama lishe aliyekuwa na sahani mkononi. Hakuhubiri. Alipenya akauliza kwa sauti ya kuita wateja: "Jina lake nani? We kijana, unaitwa nani? Kwenu wapi?" Kijana akataja jina na la baba yake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si mtoto wa yule fundi cherehani marehemu?" Niliona mikono ikilegea, si yote, lakini ya kutosha. Alikuwa kibaka, akawa mtoto wa fundi cherehani. Kisha mama akamgeukia mwenye tairi, naye akamwita kwa jina: "Baba fulani, weka hilo chini, mwanao anakuona."

Simu alikuwa ameiba kweli. Nalisema hilo makusudi, maana hadithi za namna hii hupenda kuishia kwa kugundua kwamba aliyepigwa hakuwa na kosa. Utu haungoji mtu awe hana kosa. Alipelekwa kituoni akiwa anatembea.

Kutokana na pale, na mengine niliyoyaona, utaratibu wangu ni huu. Usiingie peke yako, shika wawili: mmoja apige 112 na kumwita mwenyekiti, mwingine akusindikize. Tafuta mwenye sauti inayoheshimika hapo hapo, awe sheikh, katekista, mama lishe au mkubwa wa kijiwe. Ukifika, uliza maswali badala ya kutoa amri: nani ameibiwa, kimeibiwa nini, kimepatikana? Utashangaa wangapi wanaopiga hawajui. Waite watu kwa majina, kwa kuwa umati ni mahali pa kujificha na jina humtoa mtu mafichoni. Mkalishe mtuhumiwa chini kwanza, kisha ainuke, watu wawili wakae kando yake, muanze kutembea kuelekea kituoni bila kungoja makubaliano. Mwenye mali aende pamoja nanyi, bila yeye hakuna kesi na kesho hasira itarudi.

Sheria iko upande wako. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Lakini usitaje ibara mbele ya tairi. Sema "polisi wanakuja" na utaje jina la mtu.

Na ikiwa petroli imeshamwagwa na hakuna anayesikia, ondoka upige simu. Sikuandikii mwongozo ili tukuzike wewe.

Hatua ya 6: Msiba, chuo cha mtaa

Kama ungekuwa na nafasi ya kujifunza utu mahali pamoja tu, ningekwambia jiunge na kamati ya misiba. Pale unakutana na tajiri, mpangaji wa mwezi mmoja, Mwislamu, Mkristo, na yule asiyeonekana popote pa ibada, wote chini ya turubai moja la kukodi.

Anza na jikoni. Desturi nzuri tuliyoikuta ni kwamba mnyama achinjwe na Mwislamu, hata marehemu akiwa Mkristo, ili sahani moja iwatoshe wote. Ilinde. Ni jambo la dakika tano linaloepusha majiko mawili na maneno mengi. Ilinde pia nafasi ya watani. Mnyamwezi anayemtania Mzaramo aliyefiwa anaweza kumchekesha mjane siku ambayo sisi wengine hatuna la kusema.

Sasa daftari la rambirambi. Nilirithi utaratibu wa kusoma kila jina na kiasi chake. Jioni moja nilisimama, kipaza sauti mkononi, nikasoma: elfu ishirini, elfu kumi, elfu hamsini, watu wanaguna kwa heshima. Nikafika kwa mama anayeuza mihogo kwenye kona. Nikasoma: "Mia tano." Kulikuwa na kelele, nikarudia: "Mia tano." Kuna mtu akacheka. Mama yule alikuwa nyuma, na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa amechota tangu alfajiri, na hiyo haikuwemo daftarini kwa sababu daftari langu halikuwa na mahali pa kuandika maji.

Tulibadilisha. Daftari sasa lina safu tatu: jina, alichotoa, alichofanya. Kuchota maji, kuchanja kuni, kuosha sufuria, kulala na wafiwa, kukimbilia kibali cha kuzika, vyote vinaandikwa. Mbele ya watu tunasoma majina na kazi, na jumla ya fedha mwishoni. Kiasi cha mmoja mmoja wanakiona wafiwa na mweka hazina. Matumizi, hayo tunayasoma mpaka shilingi ya mwisho: jeneza au sanda, turubai, viti, usafiri, mchele, mafuta. Fedha ya umma isomwe hadharani, umaskini wa mtu usisomwe. Walionung'unika walikuwa wale wa elfu hamsini, na mmoja alipunguza mchango. Tulizika vilevile.

Kamati yako iwe na kanuni iliyoandikwa kwamba mchango wa mtaa hauulizi marehemu alikufaje wala aliishije. Aliyejinyonga, mwenye madeni, mlevi, mgeni asiye na ndugu, turubai ni lilelile. Msipoiandika, siku ikifika mtabishana maiti ikiwa mochwari.

Baada ya mazishi ndipo tunapofeli. Turubai likifunguliwa, watu hutawanyika na mjane anabaki na ukimya na ndugu wa mume. Weka zamu: nyumba moja kwa wiki, wiki nane, kila nyumba imtembelee, ikae nusu saa, ibebe kitu kidogo. Andika zamu hiyo siku ya mwisho ya matanga, watu wangali wamekaa. Na mapema kabisa, awepo mtu wa kamati atakayemweleza mjane kuhusu mirathi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha maombi ya msimamizi wa mirathi, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Anayejua kwamba kuna mahakama hahamishiwi godoro lake usiku.

Hatua ya 7: Mkutano

Kwa ufupi, maana mikutano tunaijua. Angalia ni nani hajawahi kusema. Wapangaji huambiwa "hii ni ya wenye nyumba" wakati mitaro ikiziba inafurika kwao kwanza. Wanawake hufika, hukaa nyuma, huondoka kupika kabla ya kura. Mambo mawili yanasaidia kuliko hotuba: sogeza saa ya mkutano, na mpe wa nyuma kabisa nafasi ya kuanza. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani. Vijijini mkutano mkuu unatakiwa walau kila miezi mitatu, na usipoitishwa, uliza kwa barua yenye nakala.

Watoto waende nawe kwenye haya yote. Hawajifunzi utu kwa kuambiwa, wanajifunza kwa kuona unamwamkiaje mzoa taka. Swali moja la usiku linatosha: leo nani alionewa shuleni, na wewe ulikuwa umesimama wapi?

Hatua ya 8: Ukikosea

Utakosea. Utacheka mzaha ambao hukupaswa kuucheka, utatuma uvumi, utakaa kimya. Kuomba radhi nako kuna ufundi, na mimi nilifundishwa na mama wa mihogo.

Siku mbili baada ya ule msiba nilikwenda kwake, uani, jioni, nikamwambia samahani. Alikuwa anamenya mihogo ya kesho. Hakuinua kichwa. "Baba katibu," akasema, "ulinisoma mbele za watu. Radhi unaniletea uani?"

Kwa hiyo, radhi iombwe mahali kosa lilipotendwa, mbele ya walioona, kwa kulitaja kosa lenyewe, bila "kama nilikukwaza". Usijieleze. Usingoje kusamehewa papo hapo. Useme utakachobadilisha, uwe umeshaanza kukibadilisha.

Msiba uliofuata ulikuja baada ya miezi miwili. Nilisimama na daftari jipya la safu tatu, nikasema kwamba msiba uliopita nilimwaibisha mama aliyechota maji tangu alfajiri, kwamba kosa ni langu, na kwamba kuanzia leo hatusomi viasi vya watu. Watu wakaguna. Mzee mmoja akaniambia, "Umesema vizuri, lakini yuko jikoni, hajasikia."

Nikaenda nyuma, kwenye moshi, sufuria tatu kubwa juu ya mafiga, wanawake wananitazama mwanamume aliyeingia pasipo pake. Nikaanza upya, tangu mwanzo. Akanikatiza.

"Nimesikia, kipaza sauti chako kinafika mpaka sokoni," akasema. "Shika huo mwiko, wali unaungua."